Chai ya Salgaa

Saa kumi alasiri Wangila alivaa shati lake la kazi, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akasogeza kiti karibu na meza na kuomba. Maombi yake yalikuwa mafupi, ya dereva: Mungu atangulie, breki zishike, na walio barabarani wawe na roho ya ubinadamu. Kisha akabonyeza kitufe, na lori la magurudumu ishirini na mawili likanguruma ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi pale Kabiro, Kawangware, katikati ya kitanda na jiko la gesi.

Lilikuwa lori la mchezo wa kompyuta, sikatai. Lakini ungemcheka Wangila mbele ya mkewe, ungetoka humo ndani na alama ya mwiko.

Kompyuta yenyewe ilikuwa laptopu ya gemu, nzito, kibodi inawaka taa nyekundu, iliyoachwa na kijana wao Kevin alipokwenda Qatar kulinda mageti ya watu. Kabla ya kuondoka, Kevin alikaa wiki tatu akiunda ndani ya mchezo huo barabara ya kutoka Nairobi hadi Malaba mpakani, kipande kwa kipande, ili baba yake aliyekatwa mguu apate mahali pa kwenda. Aliweka vibanda vya nyama vya Kikopey. Aliweka matuta. Aliweka hata mzani wa Gilgil, na Wangila alipoufikia mara ya kwanza alipunguza mwendo kwa hofu ya kweli, ilhali lori halikuwa na uzito wowote.

Nasambu, mkewe, aliingia akitoka Lavington alikokuwa akiwafulia watu nguo. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Aliweka kikapu chini, akavua viatu, akauliza swali alilolizoea tangu alipoolewa na dereva.

"Baba Kevin, umefika wapi?"

"Kinungi. Kuna ukungu."

"Enda pole pole basi."

Akabandika chai. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa: chai haikuletwa Naivasha wala Nakuru, ililetwa Salgaa, kituo cha malori mbele ya Nakuru. Miaka yote ya kazi Wangila alikunywa chai yake Salgaa, na mguu ulipokatwa desturi haikukatwa nao. Aliposema "Naingia Salgaa," Nasambu alimimina. Wangila aliegesha lori vizuri kando ya barabara, akavuta breki ya mkono, akanywa bila haraka. Na ilipokaribia saa kumi na mbili alitangaza, "Nimefika Malaba," naye Nasambu, ambaye hakujua Malaba ya kwenye kompyuta inafananaje, akajibu "Bwana asifiwe" na kuanza kupika ugali.

Hapo ndipo mashine ilipokabidhiwa mfanyakazi wake halisi. Huyo alikuwa Mercyline, binti yao wa miaka ishirini na minne, aliyelala saa hizo mbili nyuma ya pazia kwa sababu alikuwa ameamka alfajiri. Alisikiliza sauti za watu wa mbali, madaktari na mawakili na watu waliokuwa wakigombania urithi, akayaandika yote waliyoyasema, na kampuni fulani ya ng'ambo ikamlipa kila Ijumaa kupitia simu. Pesa hizo ndizo zilizolipa kodi ya nyumba na kliniki ya baba. Za Nasambu zilinunua sabuni na sukuma wiki. Kila mtu humo ndani alilijua hilo na hakuna aliyelitamka, maana kulitamka kungekuwa kumpiga mzee kofi.

Jumatatu hiyo Wangila alipofika Malaba yake, Mercyline hakuichukua laptopu. Alikaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi.

"Baba, kuna maneno. Kampuni imeandika."

"Wamekufuta?"

"Bado. Wanasema hii Windows yetu imezeeka, haiwekewi kinga tena. Ijumaa saa sita mchana, mashine yoyote iko na hii, wanaifungia nje."

"Si uweke mpya?"

"Nimejaribu. Mashine inaikataa, nayo imezeeka. Kununua ingine ni elfu arobaini."

Zile elfu arobaini, Nasambu alizikoroga pamoja na ugali.

"Kuna ingine inaitwa Linux," Mercyline akaendelea. "Ni ya bure. Kampuni wanaikubali. Kuna fundi ako Kibera, Laini Saba, kando ya reli, anaitwa Oketch. Anaiweka kwa saa moja."

"Basi si aweke!" Nasambu alisema. "Kitu ya bure mnaiogopa ya nini?"

Mercyline alimtazama baba yake. "Akiweka, anafuta kila kitu. Na lori la Kevin haliwezi kuwaka kwa Linux. Ile gemu hatukuinunua, Mama. Kevin aliiweka kimagendo, ilimradi iwake. Nimemuuliza, amesema nifanye vile naona."

Wangila alikuwa akifungua kifungo cha shingoni. Kilimchukua muda.

"Hiyo ni mchezo tu ya watoto," alisema. "Mwambie afute."

Kisha akavuta pindo la shati lake na kuipangusa kibodi, herufi moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Mercyline alitamani angegomba. Angegomba, angejua la kumjibu.

Jumanne asubuhi Kagiri alibisha mlango kwa funguo zake. Kagiri alikuwa keateka, msimamizi wa ploti yao ya nyumba za kupanga, mtu wa kupima kila kitu kwa macho, na ploti nzima ilitumia mita moja ya stima.

"Hii mashine yenu inakula stima ya watu kumi," alisema akiwa bado mlangoni, kwa sauti ya kutosha vyumba sita. "Nimewaambia muongeze mia tatu, mwezi wa pili huu."

"Betri yake ilikufa, lazima ikae kwa stima," Mercyline alimweleza. "Ijumaa nikilipwa nitakupa."

"Ungekuwa unafanya kazi pekee yake, ningeelewa. Lakini mtu mzima kucheza gemu kutoka saa kumi mpaka jioni? Hata watoto wa ploti wanamuita Dere wa Kitanda, dereva wa chumbani."

Wangila alikuwa pale pale, hatua mbili kutoka mlangoni, magongo yameegemea ukuta. Hakuinua uso. Alichukua redio iliyokuwa imezima na kuanza kuikaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Ijumaa, Kagiri," Mercyline alirudia, na akaufunga mlango.

Siku hiyo na kesho yake saa kumi ilipofika, Wangila alivaa shati kama kawaida. Mercyline naye alilala nyuma ya pazia, ila usingizi ulikataa. Jumatano alisikia "Naingia Salgaa," akasikia chai ikimiminwa, akasikia mama yake akitoka kwenda kuanua nguo. Injini ya lori ilibaki ikinguruma kwa sauti moja, haipandi wala haishuki. Alingoja gia ibadilishwe. Haikubadilishwa. Injini ilikaa hivyo, chini chini, mpaka baba yake akakohoa na kusema, "Nimefika Malaba," ingawa hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Mercyline alidhani labda yeye mwenyewe alisinzia kidogo katikati, akayaacha.

Alhamisi saa tano alikuwa Laini Saba. Kibanda cha Oketch kilikuwa kati ya muuza viatu vya mtumba na mchomeleaji, hatua chache kutoka reli, kimejaa laptopu zilizofunguliwa matumbo. Oketch alikuwa kijana mnene kidogo, miwani imefungwa kwa waya, mwenye tabia moja ambayo wateja wake waliizoea: treni ilipokaribia, aliacha alichokuwa akisema, akatandaza viganja juu ya mashine zote zilizokuwa wazi, akafumba macho mpaka ipite.

"Niaje, siste. Wewe ndio wa Linux?"

"Ni mimi."

Aliigeuza laptopu, akapiga mluzi. "Hii mnyama ilikuwa ya gemu. Poa. Linux itaingia fiti kabisa, hata itakimbia kushinda hiyo Windows."

"Haiwezekani zikae zote mbili? Windows na Linux?"

"Inawezekana kama uko na diski ingine. Hii ni moja na ni ndogo, gemu pekee yake imemeza nusu. Diski ni elfu tatu na mia tano. Nikupatie?"

Mercyline alicheka kwa pua. Kwenye simu yake kulikuwa na mia saba na hamsini, na humo kulikuwa na nauli na Oketch mwenyewe.

"Basi ni moja itoke, moja iingie," Oketch alisema. "Lakini wacha nione hii gemu kwanza. Nisifute kitu ya maana halafu unirudie ukilia." Akaifungua, akapita kurasa mbili tatu, kisha akasimama. "Nani huwa anacheza?"

"Baba yangu."

"Huyu mzee ako na nini?"

"Kwa nini?"

Oketch alimgeuzia skrini. Ilikuwa orodha ndefu ya safari, na kila mstari ulikuwa na rangi nyekundu. "Ona. Safari mia nne na kumi na mbili. Zote Nairobi kwenda Malaba. Mzigo umefika mara ngapi? Sifuri. Gemu imemkata pesa mpaka ako chini ya sifuri, kampuni yake hapa ilishafilisika kitambo. Na zote zinaishia mahali pamoja." Akabonyeza mmoja, akabonyeza mwingine, akabonyeza wa mwaka uliopita. Ramani ilikuwa ile ile na kidoti kilikuwa pale pale. "Anafika hapa Salgaa, anaegesha, anakaa dakika arobaini, anazima. Kila siku."

Mercyline alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

Alijua kilichokuwa mbele ya Salgaa. Kilomita mbili baada ya chai, pale barabara inapoanza kupanda, lori jingine lililokuwa likiteremka bila breki liliwakuta baba yake na Shivachi, dereva mwenzake wa miaka kumi na tisa. Shivachi alizikwa kijijini kwao. Baba yake alirudi nyumbani na mguu mmoja na barua ya kuachishwa kazi. Na tangu Kevin alipomtengenezea barabara, kwa zaidi ya mwaka mzima, alikuwa akivaa shati na kuomba na kuendesha mpaka pale pale, kisha akimdanganya mkewe kwamba amefika, na mkewe akimsifu Bwana.

Hasira ndiyo iliyomjia kwanza, ajabu ya Mungu. Alimkasirikia Kevin kwa kuiunda barabara hiyo vizuri namna ile.

"Siste, si ulisema kesho saa sita ndio mwisho? Nifute?" Oketch aliuliza, kidole kikiwa tayari.

Treni ilikuwa inakuja. Oketch alitandaza viganja vyake na kufumba macho, na ardhi ikatetemeka chini ya benchi kwa dakika nzima. Alipofumbua, Mercyline alikuwa amekwisha kuichomoa chaja.

"Bado," alisema.

"Bado namna gani?" Nasambu aliuliza nyumbani jioni hiyo.

"Fundi hakuwa na stima."

"Laini Saba nzima haikuwa na stima?"

"Mama, nimesema hakuwa nayo."

"Mercy, kesho ni Ijumaa. Mimi leo nimefua mashuka kumi na mbili, yule mama ameniambia wiki ijayo nisikuje, amenunua mashine ya kufua. Nilikuwa sitaki kusema. Sasa nasema. Tukipoteza na hii yako, tutakula nini? Tutakula hiyo taa nyekundu?"

Wangila alikuwa amekaa kitandani, shati limefungwa hadi shingoni. Saa kumi ilikuwa imepita kitambo, lakini laptopu ilikuwa imesafiri na kurudi jioni, lori halikuondoka, na hakuna aliyemuuliza amefika wapi. Alikula ugali wake akitazama sahani.

Baada ya chakula Mercyline alitoka, akasimama kando ya bomba na kumpigia Annet, rafiki yake wa tangu shule, aliyesimamia wasafishaji katika jengo moja la ofisi Kilimani.

"Annet, sasa. Ile kazi ya kuosha bado iko? ... Mimi. Ni mimi naitaka ... Hapana, hawajanifuta, ni mimi naacha. Siwezi kukueleza vizuri." Alisikiliza. "Najua ni vyoo. Najua ni nusu ya pesa. Annet, nikiifuta hiyo kitu ni kama namfuta baba. Siwezi. Wacha nioshe."

Aliongea chini chini, mgongo ameupa nyumba. Lakini chumba chao kilikuwa cha pili kutoka bombani, na ukuta wake ulikuwa bati moja tu lenye kutu. Upande wa pili wa bati hilo, Wangila alikuwa amelala chali, macho wazi.

Ijumaa maji yalifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mercyline alipanga mitungi kwenye bomba la ploti ya nyuma, lenye nguvu kuliko lao, akangoja zamu, akarudi na mtungi wa kwanza saa moja na nusu. Meza ilikuwa tupu. Laptopu haikuwepo, chaja haikuwepo, begi haikuwepo. Magongo mawili hayakuwa ukutani.

"Mama! Baba ako wapi?"

Nasambu alitoka msalani na leso kiunoni. "Si nimemwacha hapo?"

Kwa miaka miwili Wangila hakuwa ametoka nje ya lango la ploti isipokuwa siku za kliniki, akiwa ameshikwa huku na huku na kuinamisha kichwa mpaka wapite vibanda. Simu yake ilikuwa juu ya mto. Mercyline aliitazama simu hiyo, na neno baya likamtoka kabla ya kulipima.

"Ameificha. Mama, ameenda kuificha ili isifutwe."

"Usiseme hivyo juu ya baba yako!"

Lakini Nasambu mwenyewe aliinama na kuchungulia chini ya kitanda. Kisha akainua godoro. Wapangaji walikuwa wameanza kusimama milangoni, na Kagiri akaja na funguo zake.

"Mimi nimemuona," alisema. "Amepanda nduthi saa moja na robo, amekaa nyuma ya pikipiki amekumbatia begi kama mtoto. Labda ameenda kuuza. Na mia tatu zangu je?"

Nasambu alimgeukia. Alikuwa mwanamke mfupi, na mwiko haukuwa karibu, ila Kagiri alirudi nyuma hatua mbili.

Mercyline alikaa kwenye mtungi wa maji. Alikuwa ameshaamua kuiacha kazi kwa ajili ya baba yake, ameamua kwa hiari yake, na sasa yule yule baba alikuwa amemnyang'anya uamuzi huo asubuhi na mapema na kukimbia nao. Iliuma kuliko vile angeweza kumweleza mtu. Alikuwa bado ameketi hivyo simu ilipolia, saa tatu kasorobo.

"Siste, ni Oketch wa Laini Saba. Mnajua mzee wako ako wapi? Maana ako hapa kwangu."

Wangila alikuwa kwenye benchi ya Oketch, wima, magongo katikati ya magoti yaliyobaki moja na nusu, shati limefungwa hadi shingoni. Juu ya meza laptopu ilikuwa wazi. Mstari mweupe ulikuwa ukijaa polepole kwenye skrini, na pembeni mwake nambari: themanini na moja, themanini na mbili.

"Nimemuuliza mara mbili," Oketch alisema haraka, kama mtu anayejitetea. "Nimemwambia mzee, hata kama gemu haitawaka, naweza kukuwekea rekodi ya safari zako kwa flash, siku moja upate mashine ingine. Amekataa."

"Safari gani?" Wangila alisema. "Hakuna mzigo hata mmoja ulifika. Atahifadhi nini hapo?"

Mercyline alikaa kando yake. "Baba, nilikuwa nimeshaamua."

"Nilisikia vile uliamua. Ile ukuta ni bati."

"Nilidhani umeenda kuificha."

Wangila alicheka kidogo, cheko lisilo na raha. "Nilikuwa na hiyo maneno pia. Tulipofika Junction nilimwambia huyo wa nduthi asimame. Nikamwambia nataka kufikiria. Akaniuliza, mzee, tunageuka? Tukakaa hapo, magari yanatupigia honi. Alafu nikamwambia apite."

Mstari ulifika tisini. Oketch alijifanya kutafuta skrubu chini ya meza.

"Shivachi aliitisha kikombe cha pili," Wangila alisema.

Tangu mazishi, jina hilo halikuwa limetajwa nyumbani kwao.

"Chai ilikuwa moto, hawezi kuimeza haraka. Mimi nikamwambia twende, tutakuta foleni Malaba. Nikamharakisha. Akaimwaga hapo chini, tukapanda." Alipapasa gongo lake. "Sasa Kevin aliponiwekea ile barabara, nikifika Salgaa naegesha. Namngoja amalize. Kila siku namngoja."

"Baba."

"Mama yako nikamdanganya nafika. Ningemwambia nini? Na wewe umekaa hapo nyuma ya pazia, macho imekuwa nyekundu kwa hiyo kazi, unalipa stima ya mimi kungoja mtu. Alafu unataka kuenda kuosha choo ili niendelee kungoja." Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Shivachi hangekubali. Alikuwa anakubeba wewe kwa mabega."

Treni ilikuja. Oketch alitandaza viganja juu ya laptopu na kufumba macho, na safari hii Wangila, pasipo kuambiwa, akanyoosha mkono wake na kuushikilia upande ambao viganja vya Oketch havikufika. Ilipopita, nambari zilikuwa zimefika mia.

Mashine ilizima, ikawaka tena. Ilikuja na ukurasa wa buluu, mtulivu, usio na lori wala barabara ya Kevin. Mercyline aliunganisha mtandao wa simu yake na kuingia kwenye tovuti ya kampuni. Ilizunguka, ikazunguka, ikamkagua kama mzani wa Gilgil. Kisha ikamfungulia, saa tano na dakika kumi, na kazi tatu zikawa zinamngoja.

Wangila alitia mkono katika mfuko wa shati na kutoa noti ya mia tano iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa pesa yake ya njia, ile aliyoiweka kando kila safari kwa ajili ya kuwasalimia askari wenye barabara, na ilikuwa humo tangu siku ya mwisho ya kazi. Oketch alitaka kuikataa. Alimtazama mzee usoni, akaipokea.

Saa kumi alasiri Mercyline alikuwa mezani, visikizi masikioni, akiandika. Alikuwa na kazi za asubuhi za kufidia na hakulala. Wangila alikaa karibu na mlango, mahali penye mwanga. Shati lilikuwa bado mwilini. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiweka magotini, akaikunja, akairudisha magotini.

Nasambu aliingia na kikapu. Alikuwa amezunguka Lavington akibisha mageti kutafuta nguo za kufua, na alikuwa amepata nyumba moja, kwa bei mbaya. Aliweka kikapu chini, akavua viatu, akabandika chai, na mdomo wake ukauliza wenyewe.

"Baba Kevin, umefika wapi?"

Kisha akakumbuka. Akageuka na kuziba mdomo kwa kiganja. Kwenye meza Mercyline aliendelea kuandika, maana hakuthubutu kugeuka.

Wangila alitazama nje ya mlango, pale nguo za wapangaji zilipoanikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Chai ilianza kupanda kwenye sufuria.

"Nimepita Salgaa," alisema.

Nasambu, ambaye kwa hesabu yake mumewe alikuwa amepita Salgaa mara mia nne na zaidi, hakuona ajabu yoyote katika jibu hilo. Alipunguza moto.

"Na chai sasa? Si hukunywa?"

"Ilete tu, nitakunywa nikienda."

Vidole vya Mercyline vilisimama juu ya taa nyekundu. Masikioni mwake mtu wa mbali aliendelea kuongea, maneno yakapita bila kuandikwa, na ilipofika zamu ya kurudisha sauti nyuma aliiacha kwanza, akasikiliza chai ikimiminwa.